KOMPYUTA YA ZAMANI BADO INA KAZI



Siku hizi vikundi vingi vina kompyuta. Mara nyingi si mali ya kikundi hasa. Ni laptopu ya katibu, au ile ambayo mtoto wa mweka hazina aliiacha nyumbani alipopata kazi mjini. Ilitumika ng'ambo miaka kadhaa, ikaja kwetu kama mtumba, na sasa inabeba mizigo yote ya kikundi: majina ya wanachama, hisa za kila mwezi, mikopo, kumbukumbu za mikutano na barua za kwenda ofisi ya kaunti.

Shida ni kwamba mashine hizi zimechoka. Unaiwasha asubuhi, unaenda kukama ng'ombe, unarudi na bado inazunguka tu.

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kilifika hapo. Katibu alipeleka laptopu yake kwa fundi sokoni. Fundi akaitazama, akasema, "Mama, hii imezeeka. Tafuteni ingine." Hiyo ingine ilikuwa zaidi ya shilingi elfu thelathini. Pesa kama hizo kikundi kilikuwa nazo, lakini zilichangwa kidogo kidogo kwa ajili ya tangi la maji. Basi mkutano ukagawanyika. Wengine wakauliza, "Tutawekaje hesabu bila kompyuta?" Wengine wakajibu, "Na tutakunywa kompyuta?"

Makala haya ni ya vikundi vilivyo katika njia panda kama hiyo. Jibu letu kwa ufupi ni hili: mara nyingi kompyuta yenyewe haijafa. Kilichozeeka ni mfumo unaoiendesha. Mfumo huo unaweza kubadilishwa bila kununua chochote, na hata mtu ambaye si fundi anaweza. Lakini kuna mpangilio wa kufuata. Ukiruka hatua moja, unaweza kupoteza hesabu zote za kikundi kwa dakika kumi.

KWA NINI INAKWAMA?

Kila kompyuta ina mfumo mkuu unaosimamia kazi zake zote: skrini, kibodi, faili, intaneti. Kompyuta nyingi za kwetu zinatumia Windows, mali ya kampuni ya Microsoft. Windows 10 ndiyo imeenea sana katika laptopu za mtumba. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida. Waliojiandikisha walipewa mwaka mmoja wa ziada, hadi Oktoba 2026.

Hii haina maana kwamba kompyuta itazimika. Itaendelea kuwaka. Lakini marekebisho ya usalama yakikoma, ni kama nyumba yenye mlango ulioanza kuoza na seremala amekataa kuja. Wezi wakigundua tundu jipya, hakuna wa kuliziba.

Pengine mtauliza, si tuhamie Windows 11? Wengi hawawezi. Windows 11 inadai chombo kidogo cha usalama ndani ya mashine kiitwacho TPM 2.0, na pia prosesa ya miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubaliki, hata kama ziko na nguvu ya kutosha kwa kazi ya katibu.

LINUX NI NINI?

Linux ni mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Ulianza mwaka 1991 huko Finland. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na miaka 21, alitangaza mwezi Agosti kwamba anatengeneza mfumo wake mwenyewe. Kabla yake, tangu 1983, Mmarekani Richard Stallman alikuwa ameanzisha kazi ya kutengeneza programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuwagawia wengine. Kazi hizo mbili zikaungana. Watu wengi duniani wakaongeza mikono yao, na makampuni makubwa yakachangia pia.

Sisi Wakenya jambo hili hatuhitaji kuelezwa sana. Ni harambee. Kila mmoja analeta alicho nacho, na kitu kinachojengwa kinakuwa cha wote. Kwa hivyo Linux hulipii, na ukiwa nayo unaweza kumpa jirani nakala bila kuvunja sheria. Hiyo ni tofauti kubwa na zile programu za wizi ambazo mafundi wengi hutuwekea.

Na kama unafikiri hujawahi kuiona Linux, angalia simu yako. Kama ni ya Android, moyo wake ni Linux. Umeitumia miaka yote hiyo bila kujua.

Linux ina aina nyingi, kama vile mahindi yana mbegu nyingi. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni lile neno la Kibantu lenye maana ya utu. Iko pia Linux Mint, iliyoanza 2006. Kwa anayeanza, sisi tunashauri Linux Mint kwa sababu inafanana na Windows: menyu iko chini kushoto, faili zinafunguliwa kwa njia ile ile. Na kwa mashine ya zamani, chagueni ile Mint ya Xfce, ambayo ni nyepesi zaidi.

KABLA YA YOTE: NAKALA

Hapa tunaomba msome polepole.

Mimi niandikaye niliwahi kuumia. Nilipobadilisha kompyuta ya kwanza ya kikundi, nilinakili faili ya mikopo kutoka kwenye skrini hadi flashi. Nikaona jina liko pale, nikafurahi, nikafuta mashine yote. Baadaye nilipofungua flashi, nilikuta nimenakili njia ya mkato tu, kile kijipicha chenye mshale mdogo pembeni. Faili yenyewe ilikuwa imefutika. Ilitubidi kukusanya risiti za wanachama nyumba kwa nyumba kwa wiki mbili. Wawili risiti zao zilikuwa zimepotea, na mpaka leo hatukubaliani walikuwa wamelipa kiasi gani. Kompyuta ilipona, lakini imani ndani ya kikundi ikapata kidonda.

Kwa hivyo fanyeni hivi:

1. Nakilini kila kitu cha muhimu: nyaraka, picha, faili zilizo kwenye skrini, na zile zilizopakuliwa kutoka intaneti. Msisahau maneno ya siri ambayo brauza imekuwa ikiwakumbushia. Yaandikeni kwenye daftari.

2. Wekeni nakala mbili, katika flashi mbili, na zikae nyumba mbili tofauti.

3. Pelekeni flashi kwenye kompyuta nyingine, pengine ya shule au ya saiba, mfungue faili moja moja. Nakala ambayo haijafunguliwa si nakala, ni matumaini.

4. Chapisheni orodha ya hisa na mikopo kwenye karatasi. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina watie sahihi. Karatasi haihitaji stima.

Msiendelee mbele kabla hatua hizi nne hazijatimia.

HATUA YA KWANZA: PIMENI MASHINE

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Utaona orodha ya habari za mashine. Tafuta kiasi cha memori, yaani RAM. Ikiwa ni GB 4 au zaidi, Linux Mint itakaa vizuri. Ikiwa ni GB 2, itawaka, lakini usifungue kurasa nyingi za intaneti kwa pamoja. Tafuta pia kama imeandikwa x64. Ikiwa ndivyo, hakuna wasiwasi. Ikiwa imeandikwa x86, muulize fundi kama prosesa ni ya biti 64, maana Linux nyingi kubwa zimeacha mashine za biti 32.

Diski iwe na nafasi ya GB 20 kwa uchache, lakini GB 100 ni bora.

Neno moja zaidi. Kama mna pesa kidogo, badilisheni diski ya zamani ile inayozunguka muweke ya SSD, na kama nafasi ipo ongezeni memori. Hayo mawili huifufua kompyuta kuliko kitu kingine chochote, na bei yake haikaribii ya mashine nzima.

HATUA YA PILI: TENGENEZENI FLASHI

Linux Mint hupakuliwa bure kutoka linuxmint.com. Faili yake ni kama GB 3, kwa hivyo data ya simu itawaumiza. Nendeni saiba au mahali penye Wi-Fi. Mtahitaji flashi ya GB 8 isiyo na kitu mnachokihitaji, kwa sababu yote yaliyomo yatafutwa. Msitumie moja ya zile zenye nakala za kikundi!

Hapa wengi hukosea: hunakili ile faili kwenye flashi kama wimbo, halafu kompyuta inakataa kuwaka nayo. Haifanyi kazi hivyo. Inahitajika programu ndogo ya kuiandika kwenye flashi kwa njia maalum. Kwenye Windows programu hiyo ni Rufus, nayo ni ya bure. Unachagua flashi, unachagua faili ya Mint, unabonyeza kuanza, na unangoja.

Flashi moja ikishatengenezwa inaweza kutumika kwenye kompyuta nyingi. Kwa hivyo vikundi vitatu au vinne vinaweza kuchangia moja.

HATUA YA TATU: JARIBUNI BILA KUFUTA

Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawalijui. Linux Mint inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Unaionja kwanza, kama mtu anayeonja chumvi kabla ya kupakua.

Kwenye Windows chagua kuwasha upya, si kuzima tu. Mashine inapoanza kuwaka, bonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa Dell na Lenovo mara nyingi ni F12. Kwa HP ni F9, au Esc kisha F9. Bonyeza mara kadhaa kwa haraka. Ukiona orodha, chagua flashi.

Baada ya muda utaona skrini ya Mint. Itakuwa polepole kidogo kwa sababu inasoma flashi. Sasa pima kazi zenu za kila siku:

- Je, Wi-Fi inaonekana? Ikikataa, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na uruhusu kugawa intaneti. Kwa kawaida Linux huitambua hapo hapo. Ukishaweka mfumo, Mint ina sehemu ya kutafuta vifaa vinavyokosekana.
- Je, sauti na kamera zinafanya kazi?
- Je, printa inachapisha? HP nyingi hukubali bila shida. Baadhi ya printa nyingine husumbua, na ni heri kujua leo.
- Chomeka flashi yenye nakala na ufungue jedwali la hisa. Mint inakuja na LibreOffice, programu ya barua na hesabu inayosoma faili za Word na Excel. Angalia kama jumla ni zile zile.

Kaa nayo hata siku mbili tatu. Katibu ajaribu, na mweka hazina ajaribu. Mkiona haiwafai, zimeni, toeni flashi, na Windows yenu iko pale pale kama mlivyoiacha.

HATUA YA NNE: KUIWEKA

Mkiridhika, ndipo mnaiweka. Chomeka chaja. Kama ni kompyuta ya mezani isiyo na betri, chagueni saa ambayo stima kwenu haipotei ovyo.

Kwenye skrini kuna kijipicha kilichoandikwa "Install Linux Mint". Kibonyeze mara mbili, ujibu maswali ya lugha, kibodi na Wi-Fi. Kisha litakuja swali kubwa. Ukichagua "Erase disk", kila kitu kilichomo ndani kitafutwa, Windows na faili zote. Mashine nyingi pia huonyesha chaguo la kuiweka kando ya Windows, ili uchague mfumo kila unapowasha. Kwa mashine yenye diski ndogo, kufuta kunaipa nafasi zaidi. Lakini kabla ya kubonyeza, ulizaneni kwa sauti: "Nakala mbili ziko wapi? Nani alizifungua?" Kama hakuna wa kujibu, simameni hapo.

Baada ya hapo utaandika jina na neno la siri. Neno la siri lijulikane na watu wawili, si mmoja. Tumeona kikundi kikikwama kwa sababu katibu alisafiri. Mashine itafanya kazi yake, mara nyingi chini ya saa moja, kisha itakuomba utoe flashi na kuwasha upya.

KUZOEA

Wiki ya kwanza mtalalamika. Ni kawaida, hata jembe jipya lina malengelenge yake. Yakumbukeni machache haya:

Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Faili ya "Hisa" na ya "hisa" ni mbili tofauti. Kubalianeni namna moja ya kuandika majina.

Programu mpya hazitafutwi ovyo mtandaoni. Mint ina duka lake ndani, unachagua kama mnavyofanya kwenye simu. Karibu zote ni za bure.

Chini ya skrini kuna alama ya ngao. Ikionyesha kuna marekebisho mapya, yakubali. Mint za namba 22 zinahudumiwa hadi mwaka 2029.

Vile virusi vya saiba, vinavyoficha faili za flashi na kuacha njia za mkato tu, vimetengenezewa Windows. Kwenye Linux havishiki. Hata hivyo, matapeli wa kuomba neno la siri wanakufikia popote. Mfumo wa kompyuta haumlindi mtu anayetoa siri yake mwenyewe.

YASIYOWEZEKANA

Tusidanganyane. Programu za Windows, zile za exe, kwa kawaida hazifungui kwenye Linux. Microsoft Office ya kuweka ndani ya kompyuta haipo. Barua iliyopambwa sana kwa Word inaweza kuhama mistari ikifunguliwa kwa LibreOffice. Fomu za Excel zenye makro huenda zikagoma. Kama kikundi chenu kinatumia programu maalum ya uhasibu, muulizeni aliyewauzia kabla ya kubadilisha. Pengine itawafaa kubaki na mifumo yote miwili.

Lakini kazi za kawaida zinaendelea. eCitizen na barua pepe hufunguka ndani ya brauza. WhatsApp ya kompyuta pia. Taarifa ya M-Pesa inayokuja kama PDF yenye neno la siri inafunguka vizuri.

Na Kiswahili hakikusahaulika katika kazi hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. LibreOffice tunayotumia leo ilitoka katika ukoo huo wa OpenOffice mwaka 2010.

WALE AKINA MAMA

Mtataka kujua waliamuaje. Walifanya nakala, wakajaribu kwa flashi siku tatu, kisha wakaweka Linux Mint. Laptopu inawaka kabla chai haijachemka. Printa yao ya zamani ilikataa, kwa hivyo wanachapisha saiba mara moja kwa mwezi. Katibu bado anatafuta kitufe fulani alichozoea Excel. Lakini pesa hazikuguswa, na tangi liko nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, limejaa mvua ya masika.

Kitu kikubwa walichopata si Linux. Kwa mara ya kwanza hesabu zao ziko nyumba tatu, na moja yake ni karatasi yenye sahihi. Hata ile laptopu ikiibiwa kesho, kikundi hakitagombana.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Hesabu zetu ziko wapi sasa? Mashine ikiharibika leo usiku, kesho tutasoma nini?
2. Ni watu wangapi wanajua neno la siri la kompyuta ya kikundi?
3. Tunatumia kompyuta kwa kazi gani hasa? Ni ipi kati ya hizo isiyoweza kufanyika kwa Linux?
4. Nani jirani yetu ana kompyuta iliyolala kabatini kwa sababu aliambiwa imezeeka? Je, tunaweza kuchangia flashi moja?

Mkishajaribu, tuandikieni mtuambie ilivyokwenda, hasa palipowashinda. Shida ya kikundi kimoja ikielezwa vizuri ni somo kwa vikundi kumi.